Mwezi Peke Yake Hautulindi na AVC



Juma lililopita, kisha kugawa pesa za likelemba, mama mmoja wa kikundi chetu alitoa mfukoni mwake vidonge vilivyofungwa ndani ya karatasi. Alivinunua kwa mchuuzi anayepita sokoni na kikapu cha dawa. Mchuuzi alimwambia: hizi ni homoni za mwanamke, zinalinda ubongo, ukizimeza AVC haitakugusa. Mama mwingine akatoa simu yake, akatusomea ujumbe ambao shemeji yake alimtumia: wataalamu wamegundua kwamba homoni za wanawake zinakinga ubongo. Basi kelele ikapanda, kila mtu na neno lake.

Mama wa kwanza ana miaka 56. Aliacha kuona mwezi zamani. Anameza dawa ya tansio kila siku, na kila mwisho wa mwezi anahesabu franka zake mara mbili mbele ya kwenda farmasi. Alisema: “Kama hii inatosha, ile ya tansio naiacha.” Mama wa pili ana miaka 38. Yeye akacheka: “Mimi bado naona mwezi, Mungu ameniwekea dawa yangu ndani. Tansio ni ya wazee.”

Kisha wote wawili wakanitazama mimi, maana mwalimu anatazamiwa kujua kila kitu. Niliwaomba kitu kimoja tu: yule wa kwanza asiache dawa yake, asimeze ile ya kikapu, mpaka nilete jibu. Mimi si daktari. Nilisoma ualimu, nafundisha watoto, na kazi ninayoijua ni kusoma jambo na kulieleza polepole. Nimesoma, nikaenda pia kumuuliza muuguzi mmoja wa kituo cha afya ambaye hachoki na maswali yangu. Jibu ndilo hili, na ninaliandika hapa ili lifike kwa wamama wengi kupita wale waliokuwa pale.

Mchuuzi alichukua nusu ya ukweli akaiuza kama ukweli mzima. Homoni zetu zinasaidia ubongo, hilo ni kweli. Lakini msaada huo haujageuka kidonge cha kununua, una mwisho wake katika maisha ya kila mwanamke, na tansio ya juu inaushinda hata wakati ungali upo.

AVC ni nini

Wengine kwetu wanaita kupooza, wengine wanasema kiharusi, na hopitali wanasema AVC. Ubongo unahitaji damu kila dakika, usiku na mchana, hata ukiwa umelala. Damu inapita ndani ya mishipa kama maji ndani ya bomba. Bomba linaweza kuharibika kwa njia mbili: ama linaziba kwa uchafu, ama linapasuka kwa sababu maji yanasukuma kwa nguvu nyingi. Na mishipa ya ubongo ni vilevile. Ikiziba au ikipasuka, sehemu ya ubongo iliyokuwa inakula kwa mshipa ule inaanza kufa. Wataalamu wamehesabu kwamba mshipa mkubwa ukiziba, chembe za ubongo karibu milioni 2 zinakufa kila dakika. Kama ile sehemu ndiyo iliyokuwa inaongoza mkono, mkono unaanguka. Kama ndiyo iliyokuwa inapanga maneno, mama anafungua kinywa na neno halitoki.

Kuna watu wanaosema ni ugonjwa wa wazungu, au wa matajiri. Hapana. Majirani wetu wa Tanzania walihesabu. Kati ya mwaka 2003 na 2006, wataalamu walifuata watu nyumba kwa nyumba mahali pawili: Hai, wilaya ya vijiji chini ya mlima Kilimanjaro, na mitaa fulani ya mji wa Dar es Salaam. Kisha kusawazisha hesabu kwa umri, walipata kwa kila watu 100,000 AVC karibu 109 kwa mwaka mmoja kule Hai, na karibu 316 kule Dar es Salaam. Watu wa mjini waliugua karibu mara tatu kupita watu wa shamba. Sisi wa Likasi tunaishi mjini: tunakula chumvi, tunakaa sana, tunalala na mawazo, na wengi wetu hatujapimwa tansio tangu mimba ya mwisho.

Homoni zinafanya nini ndani ya mwili

Sasa tuingie kwenye homoni. Homoni ni kama barua ambayo kiungo kimoja cha mwili kinaandikia viungo vingine, na damu ndiyo inaipeleka. Kwa mwanamke, ovari ndizo zinazoandika barua mbili kubwa: estrojeni na projesteroni. Barua hizo ndizo zinazoleta mwezi, zinazoandaa tumbo la uzazi, zinazosaidia kubeba mimba. Lakini haziishii tumboni. Zinafika kwenye mifupa, kwenye moyo, kwenye mishipa ya damu na kwenye ubongo.

Madaktari waliona tangu zamani kwamba mbele ya kufunga mwezi, wanawake wanapata AVC ya kuziba mshipa kidogo kupita wanaume wa umri wao. Kisha mwezi kufungwa, tofauti ile inapungua polepole. Na katika uzee mkubwa wanawake ndio wanaokuwa wengi. Hapo watu wakauliza: je, ni homoni?

Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Marekani walijaribu kwa panya. Walifunga mshipa wa ubongo wa panya dume na wa panya jike, kisha wakapima sehemu iliyokufa. Ya panya jike ilikuwa ndogo kupita ya dume. Wakawatoa majike wengine ovari, kisha wakafunga mshipa. Safari hii jike hakuwa tena na faida: ubongo wake uliharibika kama wa dume. Wakamrudishia estrojeni, na ulinzi ukarudi. Mwalimu yeyote wa biolojia angefurahi na jaribio kama hili, kwa maana linaonyesha jambo waziwazi.

Estrojeni inafanyaje? Inalainisha mishipa ili ifunguke na damu ipite vizuri. Inapunguza ule moto wa uvimbe unaowaka kisha mshipa kuziba. Inazuia pia chembe zilizojeruhiwa zisijiue zenyewe, kwa sababu chembe nyingi za ubongo hazifi saa ileile, zinakufa kisha saa nyingi au kisha siku. Na projesteroni, dada yake, ilionekana kupunguza maji yanayojaa kwenye ubongo uliojeruhiwa. Mtaalamu mmoja anayeitwa Donald Stein, wa chuo kikuu cha Emory kule Atlanta, aliona kwamba panya jike wanapona majeraha ya ubongo vizuri kupita madume, akatumia miaka mingi kufuata homoni hiyo.

Ujumbe wa yule shemeji ulifika hapa, ukasimama. Lakini hadithi iliendelea.

Walipojaribu kwa wanawake

Panya ni panya, mwanamke ni mwanamke. Dawa inayomfaa panya inapaswa kujaribiwa kwa watu mbele ya kuuzwa, na hii ilijaribiwa kwa watu wengi sana.

Mwaka 2001 yalitoka majibu ya jaribio la wanawake 664 wa Marekani ambao walikuwa wamefunga mwezi na walikuwa wameugua AVC au dalili zake karibuni. Nusu walipewa kidonge cha estrojeni, nusu kidonge kisicho na dawa, bila kujua nani anameza nini. Estrojeni haikuwazuia wasiugue tena wala wasife.

Mwaka 2002 likaja jambo kubwa zaidi. Wanawake 16,608 wa miaka 50 mpaka 79, wote wamefunga mwezi, walikuwa wamegawanywa vilevile: wengine homoni mbili pamoja, wengine kidonge kitupu. Walifuatwa zaidi ya miaka mitano. Wakubwa wa jaribio walilisimamisha mbele ya wakati wake, kwa sababu madhara yalikuwa yanapita faida. Kwa kila wanawake 10,000 wasiomeza homoni, 21 walipata AVC kwa mwaka. Kwa wale waliomeza, walikuwa 29. Kwa hiyo homoni iliongeza wagonjwa 8. Mwaka 2004 jaribio la estrojeni peke yake, kwa wanawake 10,739 waliokwisha kutolewa tumbo la uzazi, likasimamishwa pia: AVC ziliongezeka 12 kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka.

Na projesteroni? Mwaka 2014 yalitangazwa majibu ya majaribio mawili makubwa ya watu walioumizwa kichwa vibaya, kama vile katika aksidenti za barabarani. Moja lilikuwa na wagonjwa 882, lingine 1,195. Waliopewa projesteroni hawakupona vizuri kupita waliopewa dawa tupu. Ile kazi ya miaka mingi haikuleta dawa.

Kwa nini kitu kinachomlinda panya kilimwongezea mwanamke hatari? Panya wa majaribio walikuwa vijana, wenye afya, na mishipa yao ilikuwa misafi. Wengi wa wale wanawake walikuwa na miaka zaidi ya 60, na mwili wao ulikwisha kukaa miaka mingi bila homoni, mishipa imekauka na imekuwa migumu. Kuwarudishia homoni wakati huo ni kama kutia dawa ya mchwa wakati nguzo imekwisha kuliwa. Tena, estrojeni ya kumeza inapita kwanza ndani ya ini, na ini linatengeneza vitu vinavyofanya damu igande upesi. Damu inayoganda upesi ndani ya mshipa mwembamba ndiyo hiyo AVC.

Sisemi kwamba homoni ni sumu. Mama anayeteswa sana na kufunga mwezi, anayewaka joto usiku kucha mpaka halali, daktari anaweza kumpa homoni, lakini kwanza atampima, atauliza umri wake na magonjwa ya ukoo, kisha atamfuata. Daktari anatoa kwa shida ile, hatoi kwa kuzuia AVC. Yule mchuuzi mwenye kikapu hakupima mtu. Na hakuna anayejua ndani ya karatasi yake mlikuwa na dawa gani.

Mama mkubwa wangu

Sasa nimgeukie mama wa miaka 38, anayesema mwezi wake unamtosha.

Mama mkubwa wangu, yaya ya mama yangu aliyenizaa, alikuwa na miaka 44 na bado alikuwa anaona mwezi. Alikuwa mshonaji. Nguo zangu zote za shule zilitoka kwenye mashine yake. Asubuhi moja alikuwa anawasha mbabula ili apike uji. Kiberiti kikamponyoka. Akakiokota, kikaponyoka tena. Mtoto akamwita, yeye akajibu maneno ambayo hayakuwa maneno. Kisha akakaa chini polepole, kinywa kimeenda upande.

Ukoo ukakusanyika. Mmoja akasema ni usingizi mbaya, mwacheni alale. Mwingine akasema ni jirani mwenye wivu wa mashine. Wakaleta mzee wa kumchanja na wembe kwenye mkono. Kisha wakampeleka kwenye nyumba ya maombi. Hopitali walimfikisha siku ya tatu. Walipompima, tansio ilikuwa 21 juu ya 12. Hakuna hata mmoja katika ukoo aliyejua kwamba ana tansio, hata yeye mwenyewe. Hakuwahi kuumwa kichwa, hakuwahi kulalamika.

Mama mkubwa anaishi hata leo, nashukuru Mungu. Anatembea na fimbo. Mashine ya kushona ipo nyumbani imefunikwa na kitambaa, maana mkono wa kuume hauwezi kuongoza nguo. Sisemi haya ili kumhukumu mtu. Nilikuwepo, nilikuwa kijana, na mimi pia nilinyamaza.

Ovari zake zilikuwa zinafanya kazi. Barua za homoni zilikuwa zinatoka kila mwezi. Lakini tansio ya 21 ilikuwa inasukuma mishipa yake miaka na miaka, na homoni hazikuweza kuizuia. Uchunguzi mkubwa uliofanywa katika nchi nyingi za dunia, pamoja na za Afrika kama Uganda na Msumbiji, ulionyesha mwaka 2010 kwamba mambo 10 ndiyo yanayobeba AVC karibu 9 kwa kila 10, na la kwanza kabisa ni tansio ya juu. Mengine ni kama sigara, sukari ya damu, pombe nyingi, kukaa bila mazoezi na chakula kibaya. Mambo hayo tunaweza kuyagusa kwa mikono yetu.

Nyakati tatu ambazo mwanamke aangalie sana

Wakati wa kwanza ni mimba na uzazi. Hapa ndipo utaona wazi kwamba homoni hazitoshi. Katika mimba estrojeni na projesteroni zinapanda juu kuliko wakati wowote wa maisha. Kama zingekuwa ngao kamili, mama mjamzito asingepata AVC kamwe. Lakini anapata, kwa sababu ya tansio ya mimba, ile inayoweza kuleta kifafa cha uzazi. Mjamzito anayeumwa kichwa kwa nguvu, anayeona nyota au giza mbele ya macho, anayevimba uso na mikono, anayeumwa juu ya tumbo, aende maternite siku hiyohiyo, asingoje siku ya kupimwa. Na hatari haimaliziki kwa kuzaa. Inaendelea majuma sita kisha kuzaa. Mama mzazi akiumwa kichwa vibaya, msiseme ni uchovu wa mtoto.

Wakati wa pili ni ule wa kutumia vidonge vya kupanga uzazi. Vile vyenye homoni mbili, estrojeni ndani yake, vinaongeza kidogo hatari ya AVC. Kwa msichana mwenye afya hatari hiyo ni ndogo sana, na mimba yenyewe ina hatari kuipita. Lakini kwa mama mwenye tansio ya juu, au anayevuta sigara na amepita miaka 35, au anayeumwa kichwa cha upande mmoja kinachotanguliwa na kuona mistari ya mwanga, vidonge hivyo si vyake. Usiviache peke yako ukapata mimba usiyoitaka. Nenda kwa muuguzi, mwambie akupime tansio, akubadilishie njia. Zipo njia zisizo na estrojeni, kama kijiti cha mkononi au kitanzi.

Wakati wa tatu ni kufunga mwezi. Kwa wengi ni kati ya miaka 45 na 55. Mama anafurahi, hakuna tena vitambaa, hakuna tena hofu ya mimba. Ni haki yake kufurahi. Lakini ajue kwamba siku ile mlinzi mmoja wa mishipa yake ameacha kazi. Tansio inapenda kupanda miaka hiyo. Anayefunga mwezi mapema, mbele ya miaka 45, au aliyetolewa ovari kwa upasuaji, ndiye wa kujiangalia zaidi, na amuulize daktari habari zake. Kwa hiyo, mama yangu wa miaka 56, wewe ndiwe usiyepaswa kuacha dawa ya tansio hata siku moja. Vidonge vile vidogo vinavyokuchosha ndivyo vimechukua kazi ambayo homoni zako ziliacha. Kama bei inakushinda, rudi umwambie aliyekuandikia: kuna dawa za tansio za bei ndogo zinazofanya kazi vizuri. Kukaa kimya na kuacha ndiyo njia mbaya.

Kujua hesabu yako

Tansio haisikiki. Hiyo ndiyo hila yake. Kupimwa ni dakika chache, mkono ndani ya kitambaa kinachojaa upepo. Wanakuambia namba mbili. Ikifika 14 juu ya 9, mara mbili au tatu kwa siku tofauti, hiyo ni tansio ya juu. Mashine nyingine zinaandika 140 juu ya 90, ni jambo lilelile. Andika namba yako kwenye daftari ya likelemba, karibu na jina lako.

Na nyumbani: chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri isipite gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani kijiko kidogo kimoja, na ndani yake hesabu chumvi yote. Hesabu ile ya makayabo, ile ya vipande vya maggi, ile unayoongeza kwenye sombe bila kuonja. Makayabo yalowe usiku mzima, maji yamwagwe mara mbili. Bukari haina kosa, kosa liko kwenye mboga yake. Lutuku tuiache iendelee njia yake. Na kutembea mpaka sokoni kwa miguu, pale ambapo njia si mbali, ni dawa isiyoulizwa bei.

Siku ikifika

Nawafundisha watoto wangu wa darasa la sita maneno manne, nao wanayaimba wakiruka kamba: USO, MKONO, MANENO, MBIO.

Uso: mwambie acheke. Kinywa kimeenda upande? Mkono: mwambie ainue mikono yote miwili. Mmoja unaanguka? Maneno: mwambie aseme jina lake na jina la mtaa. Anachanganya? Kimoja tu kikiwa hivyo, na kimeanza ghafula, basi ni mbio, hopitali saa ileile. Hata dalili zikipotea kisha dakika kumi, nendeni vilevile, maana mara nyingi hilo ni onyo la AVC kubwa inayokuja. Tazameni saa, mkumbuke zilianza lini, daktari atauliza.

Msimpe chakula wala maji, maana koo linaweza kuwa limepooza na kitu kikaingia kwenye mapafu. Msimpe aspirini wala dawa ya tansio ya jirani: hamjui kama mshipa umeziba au umepasuka, na kushusha tansio ghafula kunaweza kuua sehemu nyingine ya ubongo. Msimchanje, msimmwagie maji baridi. Mlazeni kwa ubavu kama hana fahamu. Mwenye kuomba aombe, mimi pia naomba, lakini aombe njiani, gari likitembea.

Wengine wananiambia: Mwalimu, dawa ya kuyeyusha damu inapaswa kutolewa ndani ya saa nne na nusu, na si kila hopitali inayo, sasa mbio za nini? Mbio zina maana hata bila dawa hiyo. Hopitali watachunga tansio, watachunga sukari, watazuia homa na kukabwa na mate, watamgeuza asipate vidonda, wataanza mazoezi ya mkono mapema. Mambo hayo madogo ndiyo yanayoamua kama mama atarudi kwenye mashine yake ya kushona.

Kazi ya nyumbani

Mwalimu haondoki bila kuacha kazi. Kila kikundi kifanye mambo matatu mbele ya mkutano ujao. Moja: kila mama apimwe tansio, kijana na mzee, mwenye mwezi na asiye na mwezi, na namba iandikwe. Pili: tutenge kwenye sanduku la likelemba pesa ya gari au pikipiki ya usiku, isiguswe kwa jambo lingine, na mama mmoja ajulikane kuwa ndiye mwenye ufunguo. Tatu: watoto wajue yale maneno manne, kwa sababu mara nyingi mtoto ndiye aliye karibu wakati mama anaanguka. Kwetu, mtoto ndiye aliyeona kiberiti kikianguka mara ya kwanza.

Yule mama wa vidonge vya kikapu nilimpelekea jibu jana nyumbani kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavitupa ndani ya choo, kisha akaniuliza kama mchuuzi atamrudishia pesa zake. Nilimwambia hilo sikulisoma popote. Tukacheka. Kisha akameza dawa yake ya tansio mbele yangu. Kesho anakwenda kupimwa pamoja na yule wa miaka 38, ambaye bado anasema si lazima, lakini amekubali kumsindikiza.

Tuonane juma lijalo, Mungu akitupa uzima.

Mama Mwalimu